Kurasa Nne Zilizomwondoa Mzee Ogola

Jumamosi iliyopita tulimzika Mzee Ogola nyumbani kwake Asembo Bay, na mtu aliyemfukuza kazi akapewa kipaza sauti mara mbili. Mara ya kwanza alisimama kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu. Mara ya pili mfawidhi wa shughuli, kijana wa suti ya buluu aliyekuwa na haraka ya kumaliza kabla mvua haijashuka, alimwona mzee mwenye mkongojo ameketi mstari wa mbele akadhani bado hajasema. Bwana Oluoch hakumsahihisha. Alisimama tena, akafuta miwani, akasema kwamba Ogola alikuwa mtumishi mwaminifu na kwamba maktaba ya mji wetu haitamsahau kamwe. Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona, "Huyu mzee anaongea poa," na mwenzake akamjibu, "Si alikuwa bosi yake. Hata amelia, uliona?" Mimi niliona, na damu ikanipanda kichwani. Kijitabu cha mazishi nilichokuwa nacho mkononi kilisema marehemu alistaafu mapema kwa sababu za kiafya. Afya gani? Mwaka alioondoka pale, Mzee Ogola alikuwa akibeba maboksi mawili ya vitabu kwa mpigo huku akipiga mluzi. Sasa nimetimiza miaka hamsini na sita, sina bosi wa kumwogopa, na nitauandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa bila kumung'unya maneno.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msaidizi katika maktaba ya umma ya mji wa Kisumu, mgeni kutoka upande wa Waluhya, na Kidholuo changu kilikuwa cha salamu tu. Chumba cha kusomea kilikuwa kirefu, chenye meza nzito za mbao zilizochongwa majina ya wanafunzi kwa ncha za bikari. Feni za dari zilikuwa mbili na iliyozunguka ni moja. Madirisha ya upande wa ziwa, ikifika saa nane mchana, yalipitisha upepo wa kupeperusha kila karatasi ambayo haikukandamizwa na kitu. Wanafunzi wa kidato cha nne walikaa ukutani, na wazee wa magazeti walikaa karibu na mlango. Wazee hao waligawana gazeti moja kurasa kwa kurasa, huyu siasa, huyu michezo, yule matangazo ya vifo, kisha wakabadilishana bila hata kutazamana. Mimi nilikuwa kaunta, na chini ya kaunta hakikukosekana kitabu cha hadithi fupi za upelelezi, kwa sababu rafu zetu za upelelezi zilikuwa mbili na nusu na niliazimia kuzimaliza kabla ya Krismasi. Zilikuwa hadithi nyepesi. Kitu kinaibwa, watu wanasingiziana, mpelelezi anaona kijisehemu ambacho wengine hawakukiona, na mwishoni wote wanakusanywa sebuleni na mwenye kosa anaungama akiwa amekaa kwenye kochi. Nilizipenda mno. Leo nina hasira nazo pia, maana hakuna hata moja iliyonifundisha jambo nililohitaji kulijua mwaka ule.

Mzee Ogola ndiye aliyekuwa na chumba cha nyuma, chumba cha magazeti ya zamani. Kabla ya kuja maktaba alikuwa fundi wa nyavu kule Luanda Kotieno, na mikono yake haikusahau. Kila Ijumaa alikusanya magazeti ya wiki nzima, akayapanga kwa tarehe, akayafunga bunda moja kwa uzi wa nailoni uliobaki kwenye nyavu, na fundo lake lilikuwa lilelile la wavu, dogo, gumu, limekazwa hadi halionekani. Kulifungua kwa vidole hakukuwezekana. Mtu akitaka gazeti la mwezi uliopita, Mzee alichomoa msumari mfukoni, akaupenyeza, akalegeza, akatoa gazeti, na likirudi akalifunga bunda upya vilevile. Saa saba tulikula pamoja mle ndani, kati ya mabunda yaliyofika dari. Mke wake alimfungia kuon, yaani ugali, na samaki wa kukaanga, vyote ndani ya gazeti, kama alivyofungiwa kila mwanamume na mwanamke aliyekwenda kazini mjini pale. Alinimegea upande wangu kabla hajaugusa wake. "Chiem, nyathina," alisema, kula mwanangu, kisha kwa Kiswahili, "Wewe unasoma hiyo mambo ya wezi mpaka unakonda." Nilicheka huku nikitoa miba.

Mkutubi mkuu alikuwa Bwana Oluoch. Nisimwonee, mtu huyu alikuwa mwema kwangu. Ndiye aliyeniajiri, ndiye aliyenitafutia chumba cha kupanga kwa familia ya kanisa lake, na kila nilipoingia ofisini kwake alinimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa kubwa ya maua mekundu. Aliniita binti yangu. Alivaa tai hata siku za joto la kuua mbwa, na wageni wa serikali walipokuja aliwatembeza nje, upande wa kiwanja kitupu kilichopakana na maktaba, akawaonyesha mahali ambapo siku moja pangejengwa chumba cha watoto. Kiwanja hicho kilikuwa mali ya maktaba, sote tulijua hivyo. Watoto wa shule ya msingi ya jirani walikaa humo kwenye nyasi wakisoma vitabu vyetu vya picha, na mimi nilikwenda kuvikusanya jioni.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba akaja mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole mwenye koti lililochakaa mabega. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna tangazo limetoka magazetini, kwamba kiwanja chetu kinaombwa na kampuni fulani, na anayepinga aandike barua kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Tarehe ya gazeti hakuijua. Mzee Ogola alikuwa kwenye mazishi ya shemeji yake siku hiyo, kwa hiyo Bwana Oluoch akanipa ufunguo wake mwenyewe na kusema, "Mtafutie tu, lakini sidhani kuna kitu." Tulitafuta asubuhi nzima. Hatukuona tangazo. Tulichoona ni magazeti manne, kila moja katika wiki yake, yenye ukurasa mmoja uliokatwa kwa wembe karibu kabisa na mkunjo. Mwalimu alivua miwani akanitazama. "Dada, hii imekatwa na mtu anajua kukata," alisema. Nilifanya nilivyofundishwa. Nikafungua kitabu cha matukio, nikaandika tarehe zote nne, nikatia sahihi, na moyoni nilikuwa na furaha ya kijinga kwamba hatimaye kisa cha upelelezi kimekuja kwangu mwenyewe.

Kesho yake saa saba, Bwana Oluoch aliingia chumba cha nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa chakula. Mzee Ogola alikuwa ndiyo kwanza anafungua samaki. Bwana Oluoch aliliangalia gazeti lenye mafuta lililotandazwa juu ya stuli.

"Ogola, hii gazeti umetoa wapi?"

"Imetoka kwa nyumba, Bwana. Bibi ndiye amefunga samaki."

"Na bibi yako anatoa gazeti wapi?"

"Si ananunua kwa soko kama watu wote."

"Watu wote hawana ufunguo ya hii chumba," Bwana Oluoch alisema, akalikunja gazeti lile na mafuta yake, akaondoka nalo. Mzee Ogola alibaki ameshika ugali mkononi. Samaki alikuwa juu ya stuli tupu.

Huo ndio ulikuwa ushahidi. Hadi leo nikiufikiria natamani kupiga meza ngumi. Kisumu nzima ilifunga samaki kwa magazeti. Omena, wale dagaa wa ziwani, walipimwa kwenye koni za magazeti, chapati zilifungwa kwa magazeti, hata Bwana Oluoch mwenyewe nyama yake ya kuchoma Jumamosi ililetwa kwa gazeti. Kwa kipimo kile ungewafukuza kazi watu kuanzia bandarini mpaka Kombewa. Lakini mke wa Mzee Ogola alikuwa akiuza samaki, na Mzee alikuwa mtu wa ufagio na kamba, si mtu wa tai, na hilo lilitosha. Alipokonywa ufunguo, nikapewa mimi, naye akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ya maktaba ikutane baada ya wiki tatu. Miaka kumi na tisa ya kazi na jina lake lote vilikuwa mikononi mwa kamati hiyo. Wazee wa magazeti walianza kunong'ona. "Kumbe ni yeye alikuwa anatupunguzia gazeti." "Mimi niliskia bibi yake ako na stoo mzima." Walikuwa walewale ambao Mzee aliwatunzia viti vyao vya karibu na mlango mvua iliponyesha. Nilikaa kaunta nikiwasikiliza, na kitabu kilichokuwa mbele yangu ni kile cha matukio, chenye mwandiko wangu.

Nikaanza upelelezi. Siku ya tatu niliyapitia mabunda yote ya mwaka, moja baada ya jingine, nikitumia msumari wa Mzee ambao ulibaki dirishani. Kila bunda lilikuwa na fundo la wavu. Kila bunda, isipokuwa manne. Ndiyo yale niliyoweza kuyafungua na mwalimu; nilikumbuka kwamba yalifunguka kwa kuvuta tu, ilhali mengine tuliyachungulia pembeni, na siku hiyo sikulitilia jambo hilo maanani. Yote manne yalikuwa bado yamefungwa kama nilivyoyakuta na kuyarudishia, kwa fundo la masikio mawili, fundo la viatu vya shule, na uzi wenyewe ulikuwa umekatwa na kuungwa. Aliyeyafungua hakuweza fundo la Mzee, akalikata. Mzee Ogola hangefunga fundo la viatu hata akiwa usingizini. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu kwa furaha. Funguo zilikuwa mbili tu, wa Mzee na wa Bwana Oluoch, na akili yangu, naapa, haikupita hapo. Nilichowaza ni kwamba mtu fulani anauiba ufunguo wa Bwana Oluoch ofisini, tena bila yeye kujua.

Kilichobaki ni kujua kurasa zile zilibeba nini, na gazeti halichapishwi nakala moja. Nilikwenda ufukweni kwa wauza samaki wa kukaanga, kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Atieno, ambaye nyuma ya karai lake la mafuta alikuwa na rundo la magazeti ya kufungia lililofika kiunoni. Nilimwomba nitafute tarehe zangu. "Tafuta, lakini ukae ukule, usinizibie wateja," alisema. Basi nikala. Kwa siku nane mfululizo nilikula ngege wa kukaanga na ugali na sukuma wiki mchana na jioni, vidole vikinuka, nikipekua kurasa zenye unga na mafuta huku wauzaji wakibishana juu ya bei ya boti za alfajiri na nani ameachana na nani. Mama Atieno alijua kisa chote ifikapo siku ya pili. "Huyo mzee ni ya kusingiziwa," alisema akigeuza samaki. "Mwizi ya gazeti hawezi fungua chakula yake mbele ya watu." Siku ya nane alinivutia mwenyewe ukurasa chini ya rundo, umepasuka kona moja. Tangazo lilikuwa pale, chini kulia, dogo kuliko la ng'ombe aliyepotea. Kiwanja kilichopakana na maktaba ya umma, mwombaji kampuni ambayo sikuijua, tangazo la wiki nne mfululizo, wenye pingamizi waandike. Zilibaki siku tisa.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la malezi. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hapeleki jambo la nyumba kwa watu wa nje kabla mkubwa wa nyumba hajaambiwa. Ningempelekea mwalimu mstaafu, angeandika barua yake siku hiyo hiyo. Ningempelekea mwenyekiti wa kamati nyumbani kwake. Mimi niliingia ofisini kwa Bwana Oluoch asubuhi na mapema, nikagonga, nikasubiri kuambiwa niketi, nikamweleza fundo kwa fundo. Nilikwenda kumwonya.

"Bwana, kuna mtu anatumia ufunguo yako," nilimwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinimiminia chai. Aliusoma ukurasa ule taratibu, akaukunja mara mbili akautia kwenye droo. "Umefanya vizuri sana kunijia mimi kwanza," alisema. "Wengine wangepiga kelele. Hebu niihifadhi, kamati ikikaa tutaitoa pamoja. Na usiambie mtu, binti yangu, huyo mwizi asije akashtuka." Nilitoka nikiwa nimejaa sifa. Niliwaza jinsi nitakavyompelekea Mzee Ogola habari njema.

Jumatatu nilipofungua chumba cha nyuma, mabunda yote ya mwaka mzima yalikuwa yamefungwa upya. Si manne, yote. Kamba mpya ya katani, fundo la masikio mawili kwenye kila moja. Bwana Oluoch alikuwa amewaita vijana wa kanisa Jumamosi wasaidie kupanga chumba, eti kilikuwa kimechakaa. Nilisimama mlangoni, na ndipo akili yangu ilipopita pale ilipokuwa imekataa kupita. Nilijiona mjinga wa mwisho duniani.

Kamati ilikaa Alhamisi katika chumba cha mikutano, watu watano, soda na biskuti mezani, Bwana Oluoch akiwa katibu. Mzee Ogola alikuwa nje kwenye benchi la ukumbini, amevaa koti la kanisani, akisubiri zamu yake. Mimi niliitwa kwanza. Nilisema yote. Nilisema fundo la wavu, fundo la viatu, ukurasa wa Mama Atieno, droo. Nilisema huku namtazama katibu usoni. Bwana Oluoch hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu kama mzazi kwenye siku ya wazazi. "Nekesa ni msichana mzuri," aliwaambia, "ila anasoma sana hadithi za upelelezi. Ziko chini ya kaunta yake hata sasa." Walicheka. Nikasema wamwite Mama Atieno, yeye aliuona ukurasa. Mwenyekiti alipangusa biskuti mdomoni. "Tuite mama wa samaki mbele ya kamati atufundishe magazeti?" Wakacheka tena. Kisha wakanisomea nilichoandika mwenyewe kwenye kitabu cha matukio, tarehe nne, kurasa nne, wakaniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Wakaniambia asante, nikatokea mlango wa pili, ule usiopitia ukumbini. Mzee Ogola aliingia baadaye akakaa humo dakika ambazo hazikutosha mtu kunywa soda, akatoka hana kazi.

Mwezi wa saba uliisha. Mwalimu mstaafu aliandika barua bila nakala ya tangazo, ikarudishwa. Baada ya mwaka mmoja kiwanja kilizungushiwa mabati, na baada ya miwili palisimama jengo la ghorofa tatu, maduka chini na hoteli juu, ambalo mke wa Bwana Oluoch ndiye aliyekata utepe wake. Bado lipo. Watoto hawakupata chumba chao. Hakuna aliyewahi kuulizwa swali, na Jumamosi iliyopita mtu huyo alimwagia machozi jeneza la Ogola mbele ya watu mia kadhaa waliompigia makofi.

Lakini mwaka ule haukuishia hapo kwangu. Desemba nilikwenda Asembo kumwona Mzee. Nilimkuta uani, wavu wa jirani umetandazwa magotini, akiushona. Aliinuka akanishika mkono kwa mikono miwili. Sebule yake ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na mke wake, yule yule wa samaki wa magazeti, alituletea ngege wa mchuzi, mzima, na ugali wa mtama. Nikamweleza niliyoyajua, mafundo na ukurasa. Aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Hiyo mafundo niliona kabla yako," alisema. "Siku ananinyang'anya ufunguo nilitupa macho pale, nikaona."

"Mzee, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, nyathina? Mtu ameshaitwa mwizi, aanze kuongea mambo ya kamba? Nilijua kuna mtu mmoja pale ako na macho. Nikasema wacha huyo ndiye aseme." Alimega ugali, akaushika bila kuula. "Sasa niambie. Hiyo karatasi ulipata, ulipelekea nani kwanza?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jina moja tu, na hakuna mtu duniani aliyestahili kulisikia kuliko yeye. Nilitazama vile vitambaa vyeupe.

"Kamati," nilisema.

"Kamati yenyewe? Si Oluoch?"

"Kamati, Mzee. Moja kwa moja."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamgeukia mke wake akamweleza kwa Kidholuo, na mama yule akanitazama akasema "Erokamano," asante, mara mbili. "Basi wewe ulifanya yako yote," Mzee aliniambia. "Ni wao walikataa." Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kurudi kumwambia ukweli. Nilirudi mara nyingi, na sukari na majani ya chai, na sikumwambia. Siku ile alikitoa kichwa cha samaki kwenye sahani yake mwenyewe, sehemu aliyowekewa yeye mwenye nyumba, akakiweka kwenye yangu. "Hii ni ya mtu amefanya kazi," alisema. Nikakila chote, mpaka macho, naye akakaa akinitazama nikila, ameridhika.